Wivingi ya kushona inayoonekana kama nywele zako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi saluni kila wiki, Unguja na Pemba, kutoka kwa anayeshona kwa mara ya kwanza na hata kwa aliyezoea miaka mingi. Kila jibu linajitosheleza. Jambo likiwa limeelezwa mahali pengine, tumekuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Kabla hujanunua nywele

Wivingi ya kushona ni ipi, na ina tofauti gani na ya gundi?

Nywele zako husukwa mistari iliyolala kichwani. Kisha nywele za kuongeza, ambazo kiwandani zimeshonwa kwenye ukanda mwembamba, huunganishwa na mistari hiyo kwa uzi na sindano iliyopinda. Uzito wote unabebwa na mistari, na ngozi haipakwi chochote.

Ya gundi hubandikwa moja kwa moja kwenye shina la nywele. Inakwisha haraka, lakini siku ya kuitoa huondoka na nywele zako, na joto la kaskazi huilainisha gundi mpaka ukanda ukateleza. Hatuishauri kwa mtu yeyote.

Mimi na mwenzangu tumenunua nywele za aina moja. Kwa nini yake inaonekana ya asili na yangu inaonekana bandia?

Mara nyingi tofauti haiko kwenye nywele mlizonunua, iko kwenye mistari iliyo chini yake. Mstari mnene hutengeneza kituta, na ukanda ukishonwa juu ya kituta nywele husimama badala ya kuanguka. Kichwa kinakuwa kikubwa na kila mtu anajua. Mistari myembamba iliyolala sawasawa ndiyo inayofanya nywele zilale kama zimeota hapo. Ndiyo maana tunasema lipa vizuri kazi ya kusuka hata kama nywele zako ni za bei ya wastani. Nywele za bei kubwa juu ya msingi mbaya hazisaidii kitu.

Jambo la pili ni wingi. Mtu akishalipia pisi 3, yaani mafungu matatu ya nywele za kuongeza, anataka zote ziingie kichwani. Lakini nywele za mtu haziwi nzito mahali pote: kando ya uso, kwenye mapanja na kwenye njia inayozigawa nywele huwa nyepesi. Msusi anayejua hupunguza kanda anapokaribia maeneo hayo. Pisi nusu ikibaki, rudi nayo nyumbani.

Kisha kuna kukata, ambako wengi hawakufikirii kabisa. Nywele hutoka kiwandani zikiwa na urefu mmoja, ncha zimenyooka mstari mmoja mgongoni. Zikikatwa tabaka kuzunguka uso na ncha zikapunguzwa kwa mkasi ulioshikwa wima, umbo linabadilika papo hapo. Usiondoke saluni kabla hazijakatwa.

Ninunue pisi ngapi?

Pisi moja ya nywele za binadamu kwa kawaida ina uzito wa gramu 100. Kwa kichwa cha wastani, urefu wa inchi 8 hadi 12 unatosha kwa pisi 2. Inchi 14 hadi 18, pisi 3. Inchi 20 na kuendelea, pisi 3 hadi 4. Idadi inapanda kwa sababu uzito ni ule ule: nywele zikiwa ndefu, ukanda unakuwa mfupi na mistari inayofunikwa inapungua.

Kloza, kile kipande cha wavu mwembamba chenye nywele kinachoshonwa juu kufunika sehemu ya njia, ikiwa ya inchi 4 kwa 4 inakuokolea karibu nusu pisi. Ukichanganya urefu, mfano inchi 14, 16 na 18, zile ndefu zishonwe ukosini na fupi zaidi juu. Zinaanguka kwa tabaka bila kukatwa sana.

Nitajuaje kama ni nywele za binadamu kweli?

Chomoa nywele tatu nne, uzishike kwa kibanio juu ya sahani, uziguse na moto wa kiberiti. Nywele za binadamu huungua upesi zikijikunja, hutoa harufu ya unyoya uliochomwa, na jivu lake husagika vidoleni. Za plastiki huyeyuka, hunuka plastiki na kuacha punje ngumu isiyosagika. Jaribu za mwanzo wa ukanda, za katikati na za mwisho, kwa kuwa zipo pisi zilizochanganywa, na mchanganyiko huwekwa ndani ambako mnunuzi haangalii.

Jaribio la moto halikuambii ubora. Kwa hilo, shika nywele chache kwa ncha na uteleze vidole kuelekea kwenye ukanda. Nywele nzuri zina magamba yote yaliyoelekea upande mmoja, basi kupanda huku utahisi ukinzani kidogo, na kushuka ni laini. Zile zilizookotwa zikachanganywa huondolewa magamba kwa dawa kali na kupakwa silikoni. Zinateleza pande zote, zinang'aa sana dukani, na baada ya kuoshwa mara chache ule mng'aro unaondoka na nywele zinaanza kufungamana.

Je, za Brazil ni bora kuliko za Peru au za India?

Hayo ni majina ya biashara. Sehemu kubwa ya nywele zinazouzwa duniani hutoka India, ambako mahujaji wa Kihindu hunyoa nywele kwenye mahekalu kama la Tirumala na nywele hizo kuuzwa kwa mnada, na hutoka pia China, ambako mji wa Xuchang katika jimbo la Henan ni kituo kikubwa cha viwanda vya nywele. Iwe unanunua Darajani, Chake Chake, au umeagizia Kariakoo, usilipie jina la nchi. Zishike, uzipime kama tulivyoeleza juu.

Nina nywele za kipilipili. Nichague aina gani?

Kama nywele zako mwenyewe zitaonekana popote, chagua zinazofanana nazo zikiwa zimenyooshwa kwa blo draya: zenye ukwaru kidogo, si singa tupu. Ukishona singa utalazimika kupiga pasi nywele zako karibu kila siku ili zilingane. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, zitarudi kujikunja kabla hujafika kazini. Za mawimbi hafifu husamehe zaidi, na kwa hali ya hewa yetu tunazipendelea. Ukitaka singa lazima, shona na kloza na usiache nywele zako nje.

Nywele zangu ni fupi, au nimezitia dawa. Naweza kushona?

Urefu wa sentimita 5 ndio wa chini kwa msusi mzuri. 7 au 8 ni salama zaidi, kwa sababu mstari wa nywele fupi hauna pa kushikia na unafumuka ndani ya wiki mbili. Kama umetia dawa, subiri angalau wiki 2. Dawa hudhoofisha nywele na kuiacha ngozi ikiwa nyepesi, na kuvutwa juu yake huleta vidonda.

## Siku ya kushona

Nijiandae vipi nyumbani?

Osha kichwa, tia kondishena, chambua nywele zote kwa kitana cha meno mapana, punguza ncha zilizopasuka, kisha zikauke kabisa. Hili la kukauka ndilo linalovunjwa zaidi. Nywele mbichi huwa zimevutika. Zikikauka ndani ya mstari hukaza na kuanza kukuvuta usiku. Tena unyevu ulionaswa chini ya wivingi ndio mwanzo wa harufu. Umeme ukikatika, ahirisha. Usikubali kusukwa na nywele mbichi eti zitakauka kwa upepo.

Njoo na sindano yako mwenyewe, mpya, na uzi wako. Sindano ya saluni humchoma mtu na kuingia kichwani mwa mwingine, na damu husafiri kwa njia hiyo. Kama huna, msusi aisafishe kwa spiriti mbele yako.

Mistari isukwe namna gani?

Kwanza amua njia itakuwa wapi, katikati au pembeni, kwa sababu mistari inafuata njia na haibadiliki tena. Kwa kuacha nywele za nje, yaani nywele zako mwenyewe zinazobaki bila kufunikwa, hutengwa sehemu ya juu yenye umbo la kwato, upana wa kama sentimita 2 hadi 3 kila upande wa njia, na ukingo mwembamba kuzunguka uso. Zilizobaki husukwa mistari 8 hadi 12 ya twende kilioni kurudi kisogoni, au mzunguko ukitaka nywele zianguke pande zote.

Mstari wa kwanza wa kushonea ukae angalau sentimita 2 ndani ya ukingo wa nywele, mbele na nyuma. Vinyweleo vya ukingoni havibebi kitu. Mikia ya mistari isirundikwe kisogoni. Itandazwe na kushonwa ilale, la sivyo utapata kinundu kinachoonekana hata juu ya mtandio. Mwenye nywele chache awekewe neti nyembamba juu ya mistari, ishonewe kwenye mistari, ili uzito ugawanyike.

Ushonaji wenyewe unakwendaje?

Uzi wa nailoni hukatwa kama urefu wa mkono, hupitishwa kwenye sindano na kufanywa maradufu, ncha zikafungwa fundo. Kazi inaanzia ukosini na kupanda juu. Sindano inapita chini ya mstari, inatoka upande wa pili ikikumbatia ukanda, inaacha kitanzi, inapita ndani ya kitanzi, kisha unavuta mpaka ukanda ukalala. Mshono unarudiwa kila sentimita 1 hadi 1.5. Mwanzo na mwisho wa kila mstari hufungwa mafundo mawili.

Uzi upite chini ya mstari au kuuzunguka, si kupasua nywele katikati. Kupasua kunakata nywele zako kila unapogeuza kichwa usingizini. Ukanda wa mashine unaweza kuchomwa karibu na mshono wake wa juu. Ule mwembamba uliofungwa kwa mkono usichomwe kabisa, ushonwe kwa kuuzungushia uzi.

Fundi akifika mwisho wa mstari ana hiari mbili: kukunja ukanda arudi nao, au kuukata. Kukunja kunazuia nywele kudondoka lakini kunaongeza unene, kwa hiyo hufaa chini, kisogoni. Juu, karibu na njia, ni bora ukatwe na ncha ipakwe gundi ya kuzuia kumwagika, ikauke kabla ya kushonwa. Kanda za chini zipishane kwa upana wa kidole; za mwisho, chini ya nywele za nje, zikaribiane zaidi ili mistari isionekane upepo ukipiga.

Niache nywele za nje au niweke kloza?

Nywele za nje hutoa njia ya kweli, ngozi yako mwenyewe, na kwa macho ya watu hakuna kinachoishinda. Gharama yake ni kwamba zile nywele chache ndizo zitakazopigwa pasi, na kusuguliwa na ushungi kila siku, na ndizo za mwanzo kukatika.

Kloza hufunika kila kitu. Ili isionekane bandia, leso yake, yaani ule wavu wenyewe, ilingane na ngozi ya kichwa chako: nyeupe mno inaweza kuloweshwa kwenye chai ya rangi iliyopoa kwa dakika chache, au kupakwa poda ya rangi ya ngozi kwa ndani. Yale madoa meusi ya vifundo vinavyoshika nywele kwenye leso hupunguzwa kwa bilichi kabla ya kushona, kazi ya mwenye uzoefu, maana ikizidi nywele zinang'oka kwenye leso. Njia ipanuliwe kidogo kwa kung'oa nywele moja moja kwa kibano. Njia iliyojaa nywele mpaka mwisho ndiyo inayosema hii ni kloza.

Ni kawaida kuuma siku ya kwanza?

Kukaza kidogo kwa saa chache, sawa. Kuumwa na kichwa, kushindwa kulala, ngozi kuvutika mpaka nyusi zinapanda, au vipele vyeupe kwenye mizizi, hapana. Usimeze dawa ya maumivu ukangojea kuzoea. Rudi kwa msusi siku hiyo hiyo, alegeze au afumue mistari ya mbele. Maumivu yana maana moja: mizizi inang'olewa.

## Matunzo

Nioshe mara ngapi, na kwa namna gani?

Kila baada ya wiki 1 hadi 2, na kila wiki kama unatoka jasho sana. Changanya shampuu kidogo na maji mengi kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, sehemu 1 kwa 4. Gawa nywele, ingiza mdomo wa chupa kati ya mistari, usugue kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Nywele ndefu ziteremshie povu kutoka juu kwenda chini, usizikusanye juu ya kichwa na kuzivuruga. Suuza mpaka maji yatoke safi. Kondishena iende kwenye urefu tu, usiipake kwenye mistari.

Kausha kwa kubana taulo, kisha ukae kwenye draya joto la wastani dakika 45 hadi 60. Pima kwa kuingiza kidole kati ya kanda kisogoni, maana hapo ndipo unyevu unapochelewa. Kama bado pana ubaridi, hazijakauka.

Maji ya nyumbani ni magumu na nywele zinakwaruza. Nifanye nini?

Maji mengi ya visima vya Unguja hupita kwenye mawe ya matumbawe, hubeba chokaa, na chokaa hiyo hubaki kwenye nywele ikizifanya butu na ngumu. Suuza ya mwisho fanya kwa maji ya mvua kama unayo, au kwa lita 1 ya maji yenye kijiko kikubwa 1 cha siki nyeupe, kisha mwagia maji kidogo. Harufu ya siki inaondoka nywele zikikauka. Kwenye nyumba za karibu na pwani ambako kisima kina chumvi, usioshee kabisa maji hayo.

Kichwa kinawasha mno. Nikikuna naharibu?

Kukuna kwa sindano ya ushungi au mkia wa kitana kunatoboa ngozi. Tafuta sababu. Kuwasha siku mbili za mwanzo mara nyingi ni mkazo, au dawa zilizobaki kwenye nywele mpya. Nywele za plastiki hasa ziloweshwe kwenye maji yenye siki kabla ya kushonwa. Kuwasha baada ya wiki kadhaa ni uchafu na ukavu: osha, kisha tia matone machache ya mafuta mepesi kati ya mistari. Kuwasha kwenye mabaka ya mviringo yenye magamba ni jambo jingine, tazama swali la mapunye.

Mafuta ya nazi je?

Ni mazuri kwa nywele zako na ngozi, kidogo kidogo, mara moja au mbili kwa wiki. Kwenye nywele za wivingi yanazifanya nzito na kushika vumbi. Kwa urefu tumia seramu nyepesi, tone la ukubwa wa njegere.

Navaa ushungi kila siku. Wivingi itadumu?

Itadumu, na kwa kweli ushungi huilinda na jua na vumbi. Kinachoharibu ni msuguano na unyevu. Vaa ndani kofia ya satini, kwa sababu pamba hunyonya mafuta na kusugua nywele za nje kwenye paji na ukosini. Usifunge kishungi juu utosini. Uzito wa nywele za inchi 18 zilizokusanywa mahali pamoja huvuta mistari ya mbele kutwa nzima. Zifunge chini, kwa ulegevu. Na usivae ushungi juu ya nywele mbichi, hata ukiwa umechelewa. Harufu ya uvundo inayolalamikiwa huanzia hapo.

Naweza kujifukiza udi? Na kikuba, na hina?

Udi hauna ubaya, moto wa chetezo ndio wenye ubaya. Nywele za plastiki hujikunja na kuyeyuka kwa joto la makaa hata kabla hazijagusa. Fukiza nguo na mtandio kwanza, uvae baadaye. Kama nywele ni za binadamu, simama mbali, moshi ukufikie ukiwa umepoa.

Kikuba kibanwe kwenye ukanda ulioshonwa, si kwenye nywele za nje. Asumini mbichi na mkadi vina uzito. Hina ikigusa nywele za binadamu haitoki, kwa hiyo funga nywele nyuma unapopakwa mikono na miguu mpaka ikauke.

Naweza kuoga baharini?

Unaweza. Lowesha nywele kwa maji baridi yasiyo na chumvi, paka kondishena, suka mikia miwili ndipo uingie; nywele zilizokwisha kunywa maji hazinywi chumvi nyingi. Ukitoka suuza papo hapo, na uoshe vizuri siku hiyo hiyo. Chumvi ikikaukia ndani hufunga nywele mafundo ukosini.

Na kulala, na pasi?

Suka mikia miwili mikubwa, funga kitambaa cha satini. Pasi isizidi nyuzijoto 180 na isipite zaidi ya mara moja kwa wiki kwenye nywele za nje, baada ya kupaka kinga ya joto. Nywele za plastiki haziwekewi pasi isipokuwa pakiti imeandika kwamba zinastahimili.

## Dini na twahara

Hukumu yake ni ipi?

Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imo hadithi inayomlaani mwenye kuunganisha nywele na mwenye kuunganishiwa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi visiwani, kuunganisha nywele za binadamu ni haramu. Nywele twahara zisizo za binadamu zina mjadala, na wapo wanazuoni walioziruhusu kwa mwenye mume akiridhia mumewe. Kwa hiyo kujua nywele zimetokana na nini si suala la ubora peke yake, na muuzaji ana wajibu wa kusema kweli. Muulize shekhe unayemwamini kabla hujalipa, si baada ya kushona.

Udhu na josho vitasihi?

Kwa Shafi, udhu unatosheka kwa kupaka sehemu ya kichwa, na sehemu hiyo iwe ngozi au nywele zako mwenyewe. Kupaka juu ya wivingi sicho kinachohesabiwa. Mwenye nywele za nje hana tabu: apake hizo karibu na njia. Mwenye kloza aingize vidole vyenye maji kati ya kanda mpaka aguse nywele zake.

Josho linataka maji yafike kwenye ngozi na mashina. Hadithi ya Ummu Salama iliyomo kwa Muslim inaruhusu kutofumua misuko, na Mashafi wameshurutisha maji yapenye ndani. Mistari isiyobana kupita kiasi na neti yenye matundu hupitisha maji. Gundi haipitishi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiepuka.

## Kufumua na kupumzika

Nikae nayo muda gani?

Wiki 6 hadi 8, hata kama bado inapendeza. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo baada ya miezi miwili mistari imeachana na ngozi, inaning'inia, na uzito wote unavuta nywele chache.

Nifumue vipi bila kukata nywele zangu?

Mwambie mtu akusaidie, na mchana kwenye mwanga. Inua ukanda, tafuta uzi upande wa ukanda, si upande wa mstari, ukate fundo la mwanzo kwa mkasi mdogo, kisha vuta taratibu. Ukikosa kuona kilicho uzi na kilicho nywele, acha kukata.

Mistari ikifumuliwa, paka kondishena au mafuta na uchambue kwa vidole, kisha kwa kitana, kabla ya kutia maji. Nywele zilizokufa zimo humo ndani, na zikilowa kabla ya kuchambuliwa hujifunga donge lisilofunguka ila kwa mkasi.

Nimetoa donge kubwa la nywele. Nimenyonyoka?

Si lazima. Mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku, na kwa wiki 8 hazikuwa na pa kuangukia. Hesabu yake ni kati ya 2,800 na 5,600. Angalia ncha: zenye kipunje cheupe upande mmoja na urefu kamili zimeanguka kwa wakati wake. Vipande vifupi visivyo na kipunje vimekatika, na hapo tafuta kosa, iwe pasi, ukavu au sindano iliyopasua.

Nipumzike muda gani, na nywele za zamani nizishone tena?

Pumzika wiki 2 kwa uchache, zaidi kama mapanja yamepungua. Nywele nzuri za binadamu hushonwa tena mara mbili tatu: zioshe, zitundike kwa ukanda kivulini, ukague mshono wa ukanda na kuuziba ulipolegea. Za plastiki zitupe.

## Hali za pekee

Mapanja yangu yanapungua. Nikifunika kwa wivingi yataota?

Hayataota, yataendelea kung'oka. Kupungua huko kunatokana na kuvutwa. Ukiacha mapema, nywele hurudi kwa miezi kadhaa. Ukiendelea miaka, ngozi inakuwa laini na kung'aa, vitundu vinafungika, na hapo hazirudi. Acha mistari ya mbele kabisa, na mwone daktari wa ngozi ukiona ngozi imeanza kung'aa.

Nina mapunye. Naweza kushona juu yake?

Hapana. Mapunye ni fangasi aliyeingia ndani ya unywele, hutibiwa kwa vidonge kutoka kwa daktari. Dawa ya kupaka peke yake haifiki. Ukishona unamfunikia joto na unyevu, na unaambukiza vitana vya saluni. Msusi akikukatalia, amekutendea wema wewe na wateja wengine.

Mtoto wa skuli ashonewe kwa Sikukuu?

Asishonewe. Nywele zake ni laini na ukingo haujakomaa. Msuke mistari isiyobana ya nywele zake.

Nimejifungua karibuni.

Baada ya arubaini utatamani kupendeza, lakini nywele nyingi za wazazi huanza kuanguka kati ya mwezi wa pili na wa nne tangu kujifungua, na zinarudi zenyewe. Subiri kipindi hicho kipite, au shona nyepesi, pisi 1 na nusu, kwa wiki 4 tu.

Biharusi ashone lini?

Siku 4 hadi 7 kabla. Mkazo unakuwa umetulia na kuna nafasi ya kurekebisha. Singo isuguliwe kabla ya kushona, au kichwa kifungwe vizuri, maana unga wake ukiingia kwenye mistari hautoki kwa urahisi. Mpambaji aambiwe mapema kloza iko wapi, ili pini za shela zisipite kwenye leso.

Mstari mmoja umelegea na bado ni wiki ya tatu. Nifumue zote?

Angalia kilicholegea. Kama ni uzi na msuko wa chini bado umeshika, ukanda huo ushonwe tena peke yake, kazi ya dakika kumi. Kama ni msuko wenyewe umeteleza, fumua mstari huo, usukwe upya, ushonwe. Usibandike kwa gundi na usibane kwa pini za ushungi: pini hushika kutu kwa jasho na kuchana neti, na siku ya kufumua utakuta nywele zako zimejisokota kwenye chuma.